Msitu wa Amani: tazama chini, usitazame juu

Wageni wakipanda kutoka Muheza kwenda Amani, wakamaliza zile kona na kuingia kwenye kivuli, karibu wote husema neno moja: "Kumbe msitu bado upo." Na ukiinua macho utawapa haki. Mitambara imesimama, mivule ipo, mbega wanarukaruka juu huko, kijani kimefunga mpaka jua halionekani. Lakini mimi nimezaliwa huko, kwenye kijiji kinachopakana na mashamba ya chai upande wa Kwamkoro, na kila nikipata mgeni namwomba ainamishe kichwa. Hali ya msitu inasomwa kwenye kimo cha goti. Pale ndipo miche inapotakiwa kuwa, na sehemu nyingi za Usambara Mashariki ukitafuta mche wa mtambara au wa msambu chini ya mama yake, hupati. Ni kijiji kilichobaki na wazee watupu: nyumba zote zimesimama, moshi unafuka jikoni, ila hakuna mtoto.

Siku hizi nafundisha jiografia kwenye sekondari moja hapa Tanga mjini. Kwenye masomo yetu mabadiliko ya tabianchi ni mada yake na matumizi ya ardhi ni mada yake. Mwanafunzi anasoma hii muhula huu, ile muhula ujao, na kwenye mtihani anaulizwa kila moja peke yake. Kwetu mlimani mambo hayo mawili hayatenganishiki, na ndiyo maana naandika. Msitu uliokatwa vipande hauwezi kuhimili joto, na joto linamalizia kile ambacho panga lilianza. Ukishughulikia moja ukaacha jingine, unapoteza muda.

Nianze na iliki, kwa sababu iliki ndiyo iliyonisomesha.

Iliki haitaki jua kali. Inataka unyevu, udongo mweusi wenye majani yaliyooza, na kivuli kilichotulia. Msitu wa Amani unavyo vyote hivyo. Baba, kama wakulima wengine wa rika lake, alipoanzisha shamba aliingia msituni na panga akafyeka kila kilicho chini: vichaka, kamba za porini, miti myembamba. Miti mikubwa aliiacha, ndiyo mwavuli. Kisha akapanda iliki. Ukipita barabarani ungesema ni msitu. Kwenye picha ya kutoka angani ungesema ni msitu. Mavuno ya iliki yanatoka chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa ardhini, kwa hiyo kuchuma ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na ilikuwa kazi ya mama na sisi watoto. Tulikuwa tunachuma, tunaanika, tunabeba. Fedha ikija, zinanunuliwa sare, daftari, mafuta ya taa. Iliki ilienea sana kwetu miaka ya 1960 na 1970, na sina la kumlaumu mzee yeyote aliyeilima. Zao gani jingine lingebebwa kichwani kwenye njia zile za utelezi, likafika barabarani bila kuoza, na bado likaleta fedha ya maana?

Ila kila palizi ilikuwa na kitu kilichokatwa bila mtu kukitambua. Mche wa mfimbo wenye majani manne unafanana na gugu. Mche wa msambu vilevile. Panga halibagui. Shamba likipaliliwa kwa miaka ishirini, ni miaka ishirini ambayo mti hakuna ulioruhusiwa kupita kimo cha kifundo cha mguu. Halafu upepo unaangusha mzee mmoja, mwakani mwingine, na pengo linabaki pengo. Udongo nao unachoka. Majani yanayodondoka yamepungua, mvua inapiga ardhi moja kwa moja, rutuba inashuka na mto, tindikali inapanda. Iliki inaanza kuzaa kidogo, na mkulima ambaye ana watoto wa kulisha anakata vivuli vilivyobaki, anapanda mahindi, mihogo, miwa au migomba. Hapo ndipo jua linapoingia. Kutoka msitu mzima hadi shamba la mihogo ni safari ya umri wa mtu mmoja, na hakuna siku hata moja ndani yake ambayo unaweza kusema: leo ndiyo msitu umekatwa.

Sio iliki peke yake, bila shaka. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya majaribio kutoka kila pembe ya dunia, na sehemu ya bustani ile ipo mpaka leo. Mashamba makubwa yalikata msitu wa uwanda wa juu, na baadaye chai ikashika nafasi kubwa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 magogo yalivunwa kwa mashine, kwa mradi uliopata msaada wa Finland. Kelele zilipozidi, uvunaji ule ukasimamishwa, na Finland ileile ikageuka kusaidia hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ina zaidi ya hekta 8,000. Nawashukuru waliohusika. Bila wao, tungekuwa tunaongea habari za mahali ambapo zamani palikuwa na msitu.

Barabara za magogo ziliacha mapengo, na mapengo hayo yalijazwa na mgeni. Maesopsis eminii, mti ambao Waganda wanauita musizi na watu wa misitu kwetu wanauita mesopsisi, kwao ni upande wa magharibi: Kagera, Uganda, hadi Afrika Magharibi. Huku ulipandwa enzi za Wajerumani. Unakua haraka, unapenda mwanga, na matunda yake yanapendwa mno na hondohondo, ambao wanayameza na kwenda kutua mbali na kuangusha mbegu. Palipokatwa, mesopsisi iliota. Watu wengi wanasema ing'olewe yote. Mimi nasema subirini kidogo: ukiikata yote kwa mkupuo unafungua mwanga tena, na kwenye mwanga kinachoota ni mesopsisi nyingine. Kwanza hakikisha chini yake kuna miche ya asili iliyoshika, kisha punguza polepole.

Hondohondo anasambaza mbegu za mgeni kwa bidii, lakini ndege wadogo wala matunda, wale wa chini ya msitu wanaosambaza mbegu za miti yetu wenyewe, hawavuki uwazi. Hili ndilo jambo ninalowaambia wanafunzi wangu na hawaamini. Kuna ndege wa Usambara ambao shamba la chai la kawaida tu, ambalo mtu mzima analivuka kwa dakika chache, kwao ni sawa na bahari. Mtafiti William Newmark amekuwa akiwanasa ndege hao kwa nyavu, kuwavika pete na kuwaachia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na amekuta kwamba kwenye vipande vidogo vya msitu wanatoweka, aina baada ya aina. Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na mwenzake walichapisha matokeo kuhusu mti mmoja usiopatikana kwa wingi kwingine, Leptonychia usambarensis. Ndani ya msitu mpana, ndege wanabeba mbegu zake na kuzipeleka mbali. Kwenye vipande vidogo ndege hao ni wachache, mbegu zinaanguka chini ya mama na kubaki pale, na miche ni haba. Hakuna aliyegusa mti ule kwa shoka. Uliwekewa tu chai pande zote.

Sasa lete joto juu ya hali hiyo.

Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, imekuwa na msitu kwa mamilioni ya miaka kwa sababu moja kubwa: Bahari ya Hindi haikuacha kuiletea unyevu, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Amani hapajawahi kuwa na kiangazi cha kweli. Kuna masika, kuna vuli, na katikati yake kuna manyunyu na ukungu. Ukungu ni maji. Unashika kwenye kuvumwani na kangaga zilizoota juu ya matawi, unadondoka, unalowesha ardhi hata siku ambayo mvua haikunyesha. Wazee wa kwetu wanasema ukungu wa sasa unachelewa kushuka na unawahi kuondoka, na mimi mwenyewe nakumbuka nguo zikishinda kwenye kamba na kurudi ndani mbichi. Vuli ndiyo imekuwa haina adabu kabisa. Mwaka 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua ikamwagika mpaka madaraja ya mkoa wa Tanga yakaenda na maji. Mwaka 2021 vuli ikagoma, pwani nzima tukatazama mbingu. Mwaka 2023, El Niño, ikamwagika tena. Msitu mzima, mpana, unaweza kubeba mvua mbovu na ukame wa namna hiyo, umeshabeba mengi. Kipande hakiwezi. Pembezoni mwa msitu upepo unaingia, jua linaingia ubavuni, udongo unakauka, na miti mikubwa iliyozoea kusindikizwa na wenzake inaangushwa. Mpaka unasogea ndani. Kipande kikiwa kidogo, chote ni mpaka.

Nawapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Kupanda mlima mita 100 hewa inapoa kwa takribani nyuzi 0.6. Dunia imeshapata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu mwisho wa karne ya 19. Basi kiumbe anayetaka kubaki kwenye hali ya hewa ya babu zake apande mita ngapi? Wanakokotoa: kama 170. Kisha nauliza: na mlima wetu una mita ngapi? Amani iko kama mita 900, na kilele cha juu kabisa cha Usambara Mashariki, Nilo, kinapita mita 1,500 kidogo tu. Kimya kinaingia darasani, maana wanaona wenyewe kwamba huko juu eneo linapungua, na njia ya kwenda huko imejaa mahindi.

Sio hesabu ya ubaoni tu. Watafiti walilinganisha ndege wa Usambara walivyokuwa wamepangwa mlimani karibu na mwaka 1980 na walivyokuwa mwaka 2019. Wengi mpaka wao wa chini umepanda. Makazi yao yamepungua, yakibanwa kutoka chini na joto na kukatwa katikati na uwazi.

Ndege ana mabawa. Nifikirie wasio nayo. Kinyonga mwenye pembe tatu wa Usambara, ambaye jina lake la kisayansi, deremensis, limetokana na Derema, mahali pa hapa hapa Usambara Mashariki, hawezi kuvuka barabara bila kukanyagwa, sembuse kuhamia mlima mwingine. Au lile ua la Saintpaulia, ambalo baroni mmoja Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga alilipeleka kwao mwaka 1892 na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani kwenye vyungu vya mamilioni ya watu. Hapa kwao linaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito. Kuna aina ambazo zimebaki kwenye miamba michache sana. Ukikata mti mmoja uliokuwa unafunika mwamba, jua la mchana linafanya kazi iliyobaki. Ua lile haliwezi kupanda mita 170. Linahitaji mti ule ule ubaki pale pale, na ukungu uje.

Ndiyo maana, kwa mtazamo wangu, jambo la thamani kuliko yote lililofanyika Usambara Mashariki katika maisha yangu ni ushoroba wa Derema. Ni eneo dogo, halifiki hekta 1,000, linalounganisha msitu wa upande wa Amani na ule wa kaskazini yake. Lilikuwa limejaa iliki za watu. Serikali na wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo, walilipa fidia ya mazao, wakulima zaidi ya elfu moja wakaondoka. Malipo yalikuja kwa awamu, kwa miaka, na kuna kaya ambazo shamba liliisha kabla maisha mengine hayajaanza. Jambo hilo lisifichwe kila tunaposifia. Mtu aliyetoa iliki yake ili ndege na mbegu wapite amelipia msitu kuliko yeyote kati yetu tunaokunywa maji yake.

Na maji yenyewe tunayanywa. Jiji la Tanga linapata maji kutoka mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi unatoka huko huko mlimani. Shamba la mahindi kwenye mteremko likimwagikiwa na mvua moja ya vuli ya siku hizi, tope linashuka hadi bwawani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilevile kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu walioingia kwenye vijito vya Sakale, wanapindua kitanda cha mto kwa majembe. Kuna umoja wa wakulima wa huko juu, UWAMAKIZI, wanaohifadhi kingo za mito ya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji ya Tanga imeshirikiana nao. Kwangu huo ndio mpango wenye akili, kwa sababu anayetumia maji anamkumbuka anayeyalinda. Mtu wa Chumbageni au Makorora anayelipa bili ya maji angependa kujua kwamba bomba lake linaanzia chini ya mtambara.

Watu wa mbali wana sababu zao za kuupenda msitu wetu, na ni za kweli. Mwaka 2021 wanasayansi waliopima viwanja vya misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika walionyesha kwamba hekta moja inabeba wastani wa karibu tani 150 za kaboni kwenye miti iliyo juu ya ardhi, zaidi ya ilivyodhaniwa. Nafurahi kusikia. Ila kaboni hiyo ipo kwenye vigogo vya wazee, na narudi palepale: wazee wakidondoka, nani anashika nafasi? Kwa sababu hiyo siwezi kushangilia kampeni za kupanda miti zinazohesabu miche tu. Mkaratusi uliopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia chai una kazi yake, mtiki wa shamba la Longuza una kazi yake. Hakuna ndege wa chini ya msitu atakayetoka Amani kwenda kuishi kwenye mitiki.

Kulikuwa na kitu kilichokuwa kinawapa watu wa kwetu fedha kutokana na msitu uliosimama: vipepeo. Kuanzia mwaka 2003 wakulima, wengi wao wanawake, walikuwa wanafuga vipepeo, mabuu wanalishwa majani ya mimea ya msituni, na buu akishajifunga anasafirishwa kwenda kwenye maonyesho Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo. Natamani sana vipepeo watazamwe peke yao. Kipepeo wa kufugwa nyumbani hana uhusiano na ujangili, na mama aliyekuwa anahitaji majani ya msituni kila wiki alikuwa mlinzi ambaye hakuna mshahara uliokuwa unamlipa.

Kaka yangu bado yuko kijijini. Sehemu ya shamba la baba iliyobaki ameigeuza: karafuu, mdalasini, na pilipili manga inayopanda kwenye miti iliyosimama, na iliki kidogo kwenye bonde ambako udongo bado una nguvu. Kinachonipa moyo ni palizi yake. Kabla ya kufyeka anapita kwanza na vipande vya mianzi, anachomeka kando ya kila mche wa mti wa asili anaoutambua, na vijana wanaomsaidia wanajua hapo panga halifiki. Mwanzoni alikuwa anaitambua miche michache tu, akamwita baba mdogo, ambaye hajui kusoma lakini hakuna jani la Usambara linalompita, wakazunguka wote. Msambu unachukua miaka mingi kuzaa, na kaka amesema wazi hatarajii kuchuma chochote yeye mwenyewe. Mitambara aliyoiacha ipo upande wa kijito, ambako inapenda. Masika ijayo nitapanda mlimani na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu. Hatutapanda mti. Tutakuwa na daftari, kamba na vijiti, tupime mraba mmoja shambani kwa kaka na mmoja shambani kwa jirani anayefyeka chote, tuhesabu miche, tuandike majina yake kwa Kisambaa kama baba mdogo atakavyotutajia. Mwalimu yeyote wa Muheza, Korogwe au Lushoto anayetaka kufanya hivyo na darasa lake aniandikie hapa chini, nitamtumia jedwali tunalotumia.